Chai, Chai, Maziwa: Kuingia Muziki wa Asili wa Dunia Ukitokea Moshi na Arusha

Jumamosi mchana, kipilefti cha Mnara wa Saa pale Moshi huzungukwa na msafara wa harusi. Mbele ya gari la maharusi kuna kirikuu au pikapu, na nyuma yake wamebanana vijana wa matarumbeta: tarumbeta mbili tatu, trombone, tuba (chombo kikubwa cha sauti ya chini) lililobonyea huku na huku, ngoma kubwa na ngoma ndogo. Watu hawageuzi hata shingo, wamezoea. Muuza machungwa anaendelea kumenya. Lakini aliyekua akisikia sauti hiyo tayari ana nusu ya sikio linalohitajika kuuelewa muziki wa vijiji vya Serbia na Romania, wa harusi za India, na wa Sinaloa kule Mexico. Hajaambiwa tu.

Hoja ya makala haya ni hiyo. Anayetaka kuujua muziki wa asili wa mataifa mengine asianze na ramani, nchi baada ya nchi kama mtalii anayegongewa mihuri kwenye pasi. Aanze na sauti ambayo sikio lake linaifahamu, aulize inatengenezwaje, kisha aifuate hiyo mbinu inakokwenda. Ramani humpa mtu orodha. Mbinu humpa kitu cha kusikiliza.

Mazoea ya ramani yana chanzo chake, na chanzo hicho ni rafu ya duka. Mwaka 1987 watu wa kampuni ndogo za santuri walikutana katika baa ya Empress of Russia, London, kukubaliana jina moja la kuwasaidia wauzaji. Shida yao ilikuwa ya kiduka kabisa: santuri ya Mali iwekwe wapi, ya Bulgaria iwekwe wapi, ya Pakistan je? Wakaafikiana kuita zote “muziki wa dunia”. Jina lilifanya kazi yake ya kuuza. Kosa lilikuja baadaye, wasikilizaji walipodhani kwamba ni aina ya muziki, kana kwamba zeze la Kigogo na kwaya ya akina mama wa Bulgaria ni ndugu kwa kuwa vyote si vya Kiingereza. Mwaka 2020 waandaaji wa tuzo za Grammy walibadili neno kwenye kipengele chao cha muziki huo, lakini rafu ni ileile.

Programu za muziki za kwenye simu zimerithi rafu hiyo na kuongeza tatizo jingine. Mapendekezo yake kwa sehemu kubwa hutokana na watu: waliosikiliza hiki walisikiliza na kile. Rekodi ya kijijini iliyosikilizwa na watu arobaini haina nyayo za kutosha kufuatwa, kwa hiyo haipendekezwi, na kwa kuwa haipendekezwi inabaki na watu arobaini. Ukiiachia simu ikuongoze, baada ya nyimbo tano sita utakuta umetua kwenye ngoma laini za kusindikizia masaji. Si bahati mbaya. Ndivyo mashine yenyewe ilivyoundwa.

Turudi kwenye kirikuu. Wamisionari Walutheri wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na Walutheri wa Ujerumani wana desturi ndefu ya vikundi vya kanisani vya vyombo vya shaba. Pwani nako, tangu mwishoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa zilikuwa na beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi na kusambaa Tanganyika yote wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Kanisa na jeshi: ukizishika hizo mbili, historia ya tarumbeta karibu kila mahali duniani inafunguka. Huko Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, zilitangulia bendi za majeshi ya Ottoman na Austria, India zikatangulia za Waingereza. Wanajeshi waliondoka, vyombo vikabaki, na wenyeji wakavifundisha lugha yao. Sababu ya kuvipenda ni ya kawaida tu: chombo cha shaba hakihitaji umeme, kinapigwa huku mtu anatembea, na kinasikika mtaa wa pili.

Anza na Fanfare Ciocărlia, kundi la kijiji cha Zece Prăjini, kaskazini-mashariki mwa Romania. Usikilizaji wa kwanza acha kabisa tarumbeta za mbele, ingawa ndizo zinazopiga kelele. Fuata tuba. Ukishaipata, tafuta pembe za kati zinazojibu katikati ya mapigo yake, “um-pa, um-pa”, kwa mwendo unaokaribia kutowezekana. Hapo ndipo kazi ilipo. Halafu nenda Guča, Serbia, ambako mashindano ya tarumbeta hufanyika tangu 1961. Hapo sikiliza namna mpigaji kiongozi anavyoteleza kati ya noti mbili kama mwimbaji wa taarabu anavyovuta neno. Kisha ruka hadi New Orleans, kwenye maandamano ya maziko: kwenda makaburini mwendo wa polepole, kurudi mwendo wa furaha, na ngoma kubwa ikiwa na tasa juu yake inayogongwa na mpigaji huyohuyo mmoja. Mpigaji wa ngoma kubwa wa Majengo, Moshi, ataielewa mbinu hiyo kwa sekunde kumi.

Kinachoharibu njia hii ni kuanza na matoleo ya dansi ya klabu, ambayo mtandaoni ndiyo mengi. Mpiga kompyuta huweka mdundo wake mzito wa chini palepale tuba lilipokuwa, na tuba likifunikwa, kilichobaki ni tarumbeta zinazopiga makelele juu ya mashine. Msikilizaji anahitimisha kwamba muziki wa Balkani ni vurugu. Hapana, ameondolewa sakafu tu.

Njia ya pili inaanzia kooni, na kwa mkazi wa Arusha haina umbali. Katika uimbaji wa Wamasai, kiongozi anayeitwa olaranyani hubeba wimbo, na wenzake humjengea chini mkoromo wa koo unaokwenda kwa pumzi: pumzi ikitoka shingo inasogea mbele, ikiingia kichwa kinarudi nyuma. Ngoma hakuna. Mkoromo ndio ngoma. Wengi hapa mjini wameuona uimbaji huu mara mia na hawajausikia hata mara moja, kwa sababu macho yameshikwa na kuruka. Fumba macho, hesabu mikoromo badala ya miruko.

Ukishaweza hivyo, tafuta cantu a tenore ya Sardinia, kisiwa cha Italia. Wanaume wanne husimama kwa duara, bega kwa bega. Anayeongoza anaitwa boghe, ndiye mwenye maneno. Watatu waliobaki ni mesu boghe, contra na bassu, nao hawaimbi maneno bali silabi zisizo na maana, “bim, bam, bo”. Contra na bassu hukaza koo mpaka sauti inakuwa na mikwaruzo. Andika jina la mtindo pamoja na jina la mji: Bitti, Orgosolo, Orune. Kila mji una namna yake, na ukiandika “muziki wa Italia” utaletewa mandolini na meza ya pasta. Tofauti na Wamasai utaisikia upesi: mkoromo wa Kimasai ni mdundo, unakatika na kurudi, ilhali bassu wa Sardinia anaishika sauti na kuigandamiza chini ya wenzake kama jiwe la msingi.

Kutoka hapo hatua moja tu inakufikisha Tuva, kusini mwa Siberia. Wataalamu wa sauti wamechunguza koo la bassu na koo la waimbaji wa mtindo wa Tuva unaoitwa kargyraa, wakakuta mbinu ni ileile. Juu kidogo ya nyuzi za sauti kuna mikunjo mingine ya nyama, ile unayoihisi ukisafisha koo. Mikunjo hiyo ikitetemeka mara moja kwa kila mitetemo miwili ya nyuzi za kawaida, sikio husikia sauti iliyo chini kwa oktavu nzima, yaani kutoka do hadi do ya chini yake. Anayetaka kujaribu aanze na “aaa” nzito, aongeze mkazo mdogo wa kusafisha koo, asizidishe nusu dakika, na aache palepale koo likiwasha. Kuwasha maana yake unakwaruza nyuzi zenyewe badala ya mikunjo ya juu. Na asije mtu akakwambia haya ni mambo ya Asia peke yake: wanawake Waxhosa wa Ngqoko, karibu na mji wa Cacadu (zamani Lady Frere) huko Afrika Kusini, wana uimbaji wa koo unaoitwa umngqokolo, ulioandikwa na mtafiti Dave Dargie tangu miaka ya 1980.

Hapa kuna mtego unaofaa kutajwa. Wamasai ni wafugaji. Wachungaji wa Sardinia ni wafugaji. Watuva ni wafugaji. Kishawishi cha kusema kwamba ng'ombe na kondoo huzaa uimbaji wa koo ni kikubwa mno. Mmarekani Alan Lomax, aliyefariki 2002, alijaribu kazi ya namna hiyo kwa ukubwa wa kutisha: mfumo wake wa Cantometrics ulipima nyimbo za dunia nzima kwa vigezo 37 na kuzihusisha na maisha ya jamii. Alikosolewa sana, na kwa haki, kwa kuwa nyimbo chache zilibebeshwa mzigo wa kuwakilisha watu wote wa mahali fulani. Wafugaji wasiokoroma ni wengi kuliko wanaokoroma. Hata hivyo, mkusanyiko wake, Global Jukebox, ulifunguliwa mtandaoni mwaka 2017 na unasikilizwa bure. Utumie kama ghala la sauti. Nadharia ziache zilale humo.

Njia ya tatu ndiyo ngumu kidogo, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa Mtanzania: njia ya uzi. Chukua gitaa, gusa uzi mnene kwa kidole juu kabisa ya feti ya 12 (feti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa) bila kuubonyeza, upige, kisha uinue kidole. Utasikia kengele ndogo. Fanya hivyo feti ya 7, halafu ya 5, halafu kidogo kabla ya ya 4, halafu kidogo baada ya ya 3. Sasa sogea katikati ya feti ya 2 na ya 3, karibu zaidi na ya 3, upige uzi karibu na daraja. Ukikosa, sogeza kidole milimita moja moja, maana kengele hii ni ndogo na ina aibu. Hiyo ni sauti ya saba ya uzi, ukihesabu uzi mtupu kuwa ya kwanza, na hakuna kinanda chenye noti hiyo. Wapimaji hugawa hatua moja ya kinanda kuwa senti 100. Sauti ya saba iko senti 31 chini ya noti ya kinanda iliyo jirani yake.

Muziki wa Wagogo wa Dodoma umejengwa juu ya ngazi hii ya asili, ya kengele za uzi. Zeze, ilimba (ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na koo la mwimbaji vinapanda vidato vilevile ambavyo uzi unavyo tumboni mwake. Ndiyo maana anayesikia kwa mara ya kwanza rekodi za Hukwe Zawose, mwalimu wa Bagamoyo aliyefariki 2003 na aliyerekodiwa na kampuni ya Real World ya Uingereza, huhisi kama kuna noti “imelala”. Haijalala. Kinanda ndicho kilichoinuka. Wanawake wa ukoo huo, Zawose Queens, walitoa albamu yao kwa kampuni hiyohiyo mwaka 2024, na vidato ni vilevile.

Ukiwa na sikio hilo, panda mlima wa watu wengine. Pembe ndefu ya mbao ya Uswisi, alphorn, haina tundu wala kibonyezo. Mpigaji ana midomo yake na ngazi ya asili tu. Sauti ya 11 ya pembe hiyo inaangukia karibu nusu ya njia kati ya noti mbili za kinanda, na Waswisi wana jina lake maalumu, alphorn-fa, badala ya kuiona aibu. Norwei kuna seljefløyte, filimbi ya gome la mti wa mwerebi (willow) iliyokuwa ikitengenezwa majira ya kuchipua, utomvu unapolegeza gome likachomoka zima. Haina matundu ya vidole. Mpigaji hufunga na kufungua mwisho wa bomba kwa kidole: likiwa wazi linatoa seti moja ya vidato, likifungwa linatoa nyingine, na kwa kupishanisha hizo mbili anapata wimbo kamili. Gome likikauka filimbi imekwisha, kwa hiyo siku hizi wengi hutumia bomba la plastiki. Ukiweka Zawose, alphorn na seljefløyte mfululizo utasikia ukoo ambao hakuna rafu ya duka iliyouonyesha, na chanzo chake si uhamaji wa watu wala kuigana. Ni tabia ya uzi na ya hewa ndani ya bomba, ileile Dodoma na ileile Norwei.

Hili lina maana pia kwa studio zetu. Vijana wengi wanaorekodi ngoma za asili hupitisha sauti kwenye programu ya kurekebisha noti, iliyowekwa kwenye ngazi ya kinanda. Programu inaikuta sauti ya saba iko senti 31 chini, inahesabu kuwa ni kosa, inaisukuma juu. Kilichotoka ni Kigogo kilichonyooshwa kwa pasi. Fundi asiyejua kwa nini vidato viko pale atadhani amesaidia. Dawa yake ni kuizima programu hiyo kabisa kwenye sauti na zeze, na kama lazima kinanda kiwepo, kipewe mdundo au besi tu.

Ndugu wa tatizo hilo ni mlio wa nyuki. Ilimba ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui ili sauti itetemeke. Mbira ya Zimbabwe hufungwa magamba ya konokono au vizibo vya chupa. Balafoni za Afrika Magharibi zina utando kwenye vibuyu vyake. Tanpura ya India hupitishiwa kiuzi chembamba kwenye daraja kwa sababu hiyohiyo. Msikilizaji anagonga spika akidhani imepasuka, na programu za kusafisha kelele zinaondoa mlio huo zikidhani ni hitilafu. Rekodi ya zamani iliyotangazwa kuwa “imesafishwa” iogope.

Sasa mapigo, na hapa Kiswahili kina msaada ambao walimu wengi wa muziki hawajautumia. Mtu aliyezoea nne nne za singeli na bongo fleva akisikia ngoma ya Bulgaria huona wapigaji wanajikwaa. Hawajikwai. Wanachanganya mapigo mafupi ya mbili na marefu ya tatu. Neno “chai” lina silabi mbili, cha-i, na “maziwa” lina tatu, ma-zi-wa. Tamka kwa mwendo sawa bila kupumzika: chai, chai, maziwa, chai, chai, maziwa. Hiyo ni ruchenitsa ya Bulgaria, mapigo saba. Paidushko ni chai, maziwa. Kopanitsa, yenye kumi na moja, ni chai, chai, maziwa, chai, chai. Ukivuka kwenda Ugiriki, kalamatianos ni maziwa, chai, chai, na karsilamas inayochezwa Uturuki na Ugiriki ni chai, chai, chai, maziwa. Siguiriya ya flamenko ya Uhispania, ambayo huwatoa jasho hata wapiga gitaa, ni chai, chai, maziwa, maziwa, chai: kumi na mbili.

Kosa moja litakupata hakika. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi utataka kupiga kofi kwenye “zi” ya maziwa. Kofi lipige kwenye “ma”. Fanya polepole ukitembea, mguu mmoja kwa kila neno, na uuache mguu wa maziwa ukae chini kidogo zaidi. Siku mbili tatu zinatosha. Ukiharakisha kabla mwili haujazoea, “maziwa” itafupika kuwa “mazwa”, saba itageuka sita, na utabaki ukishangaa kwa nini wimbo unakukimbia.

Bulgaria hiyohiyo inafundisha jambo jingine: kutofautisha jukwaa na kijiji. Rekodi za kwaya za wanawake zilizoifanya nchi hiyo ijulikane, zilizotolewa na Mswisi Marcel Cellier mwaka 1975, ni za kwaya ya redio inayoimba nyimbo za vijijini zilizopangwa upya na watunzi waliosoma. Mfano wa kazi hiyo uliwekwa na kundi la taifa la Filip Kutev, lililoanzishwa 1951. Ni muziki mzuri sana. Lakini akina bibi wa Bistritsa, karibu na Sofia, huimba kitu kingine: sauti zilizobanana, zikigusana mpaka zinawasha, bila upole wa jukwaani. Anayeanza na jukwaa akaishia hapo atawaona akina bibi wanakosea.

Watanzania hatuna haja ya kueleweshwa sana juu ya hili. Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni Desemba 1962, na tangu hapo ngoma zimepanda majukwaani, shuleni, kwenye sherehe za taifa na kwenye bustani za hoteli za watalii. Jukwaa lina mahitaji yake. Wachezaji waliokuwa kwenye duara wanageuzwa wote watazame upande mmoja. Wimbo wa saa nzima unakatwa uwe dakika nne. Majibizano na watazamaji yanakufa kwa kuwa watazamaji hawajui kujibu. Si uongo, ni muhtasari. Unapokutana na rekodi ya nchi usiyoijua, uliza maswali hayo: duara liko wapi, limekatwa wapi, nani alipaswa kujibu?

Hata vyombo vya kurekodia hukata. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulibeba kama dakika tatu. Anayedhani wimbo wa taarabu ulikuwa mfupi hivyo amepimia kitambaa kwa kisanduku kilichokihifadhi. Mitungi ya nta iliyotangulia santuri ilibeba dakika mbili hadi nne. Na katika rekodi za shambani zenye kipaza sauti kimoja, aliyesimama karibu nacho huonekana kiongozi hata kama alikuwa mpita njia.

Kuhusu gharama: zima video. Sauti ya kilobiti 128 hula takriban megabaiti moja kwa dakika, yaani kifurushi cha gigabaiti moja kinakupa saa kumi na saba. Faili lisilobanwa la kiwango cha sidii hula kama megabaiti 10 kwa dakika, na kwa kazi hii halina ulazima. Pesa iliyobaki inunulie hedifoni. Spika ya simu haitoi sauti za chini, kwa hiyo ukimsikiliza bassu wa Sardinia kwayo utakuwa umesikiliza robo tatu ya kundi, na spika ndogo za bluetooth nyingi huongeza besi ya kubuni inayovuruga vidato. Fungua mipangilio ya sauti kwenye simu, rudisha kila kitu sifuri.

Kutafuta ni ufundi pia. Andika jina la mtindo, la chombo na la kijiji. Ongeza tahajia mbadala: khoomei, khöömei na xöömei, yaani uimbaji wa koo wa Tuva, ni kitu kimoja na kila moja inaleta matokeo yake. Nakili jina kwa maandishi ya wenyewe, kama ръченица (ruchenitsa kwa Kibulgaria), na utaingia kwenye video za harusi zilizopandishwa na watoto wa kijijini, ambazo mara nyingi zina uhai kuliko albamu. Smithsonian Folkways, kampuni ya santuri ya Marekani iliyochukua mkusanyiko wa Moses Asch mwaka 1987, huruhusu kupakua bure vijitabu vya maelezo hata kama hununui muziki. Soma kijitabu kwanza. ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ina rekodi alizozifanya Tanganyika mwaka 1950. Kila rekodi isikilize mara tatu kabla ya kuhukumu: mara ya kwanza nani anaingia lini, mara ya pili mguu unaanguka wapi, mara ya tatu vidato. Sifa na lawama ziwe za mara ya nne.

Ukishafanya kazi hiyo kwa wiki chache, utagundua kwamba kinachofanya Orgosolo ipatikane kutoka Sakina, Arusha, ni lebo. Mtu aliandika mji, mtindo, majina ya sauti nne na mwaka. Geuza upande: anayetafuta kutoka Orgosolo atapata nini cha huku? Atapata mafaili yanayoitwa “ngoma ya asili mpya 2” na “wamasai wakiruka”. Chuo cha Makumira pale Usa River hufundisha muziki, na wanafunzi wenye simu nzuri hawakosekani mjini. Kurekodi si kazi kubwa: simu kwenye hali ya ndege, faili la WAV, mita moja hadi moja na nusu kutoka kwa kiongozi, soksi safi juu ya kipaza sauti kama kuna upepo, na simu isilazwe mezani kwa sababu meza nayo hupiga ngoma. Omba ruhusa kabla, mwachie mwenye wimbo nakala, muulize kama anataka jina lake litajwe. Kisha andika jina la faili kama mtu anayejua kwamba kuna mgeni atakayelitafuta: wimbo wa morani, olaranyani mmoja na waitikiaji saba, Monduli Juu, jioni, nje, hakuna ngoma, tarehe kamili.